Mapigo ya Moyo: Shahidi Mmoja Hakati Shauri



Keti kidogo. Geuza kiganja cha mkono wako wa kushoto kitazame juu. Chukua vidole viwili vya mkono wa kuume, kile cha kuonyeshea na kile cha kati, uviweke chini ya kiganja, pale mkono unapokunjika, upande wa kidole gumba. Usikandamize sana. Ngoja. Je, unasikia kitu kinagonga chini ya ngozi? Huo ni moyo wako unafanya kazi. Usiku ulipolala, wenyewe haukulala. Kwa siku moja hugonga mara 100,000 hivi, na siku nyingi hatuukumbuki hata kidogo.

Leo nataka kusema nawe juu ya mapigo hayo, na juu ya kitu kilichoingia katika nyumba za watu wengine wa mji wetu wa Bukavu, yaani baiskeli isiyotembea. Ni kinga, kama tunavyosema huku kwetu, yenye kiti na pedali, lakini haiendi barabarani. Inasimama chumbani. Mtu anapanda, anakanyaga, anatoka jasho, naye bado yuko palepale karibu na kabati lake. Watoto wetu walioko Ulaya huwatumia wazazi wao. Wengine huinunua ikiwa imekwisha kutumiwa. Mbele yake ina kioo kidogo chenye hesabu, na hesabu moja ni ya mapigo ya moyo.

Shauri langu ni hili, nami nitalitetea mpaka mwisho wa maneno yangu. Hesabu ile ni shahidi, wala si hakimu. Wazee wanapoketi barazani hawakati shauri kwa neno la mtu mmoja. Huita wa pili na wa tatu. Wewe nawe, unapokanyaga baiskeli hiyo, usiupime moyo wako kwa shahidi mmoja. Sisemi hivi kwa sababu nimesoma vitabuni tu. Nilijifunza kwa kosa langu mwenyewe, na kosa hilo nitakusimulia.

BAISKELI HII NI YA NANI?

Kwanza niwajibu wanaocheka. Wanasema: "Sisi tunapanda vilima vya Bukavu kila siku. Kwa nini tukanyage kinga isiyotufikisha sokoni?" Wanasema kweli. Mama anayepanda kutoka ziwani na kikapu cha samaki, kijana anayesukuma chukudu kule Goma, mkulima na jembe lake, hao hawana haja nayo. Moyo wao hupata kazi pasipo kuambiwa.

Lakini kanisani kwetu wako pia wengine. Yuko mwalimu anayeketi, karani anayeketi, mwenye duka anayeketi, dereva anayeketi, hata mchungaji anayeandaa mahubiri yake akiwa ameketi. Jioni hurudi nyumbani kwa pikipiki. Wengi wa hao twawaona hospitali kwa ugonjwa wa damu kupanda, ambao watu huuita tansio, na kwa ugonjwa wa sukari. Tena wako wazee wenye magoti mabovu. Kilima huwaumiza, lakini kiti cha baiskeli huwabebea uzito wao. Kwa watu kama hao, baiskeli isiyotembea si mchezo wala si majivuno. Ni dawa.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliwashauri watu wazima wafanye kazi ya mwili ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kila juma, au kazi nzito kwa dakika 75 hadi 150. Ukikanyaga dakika 30 kwa siku 5, umefika kwenye 150. Lakini kila dawa ina kipimo chake. Kikizidi hudhuru, kikipungua hakiponyi. Basi tutajuaje kipimo cha dawa hii?

KWA NINI TWAHESABU MAPIGO

Mtu mzima akiwa ameketi kwa utulivu, moyo wake husukuma damu kiasi cha lita 5 kwa dakika moja. Miguu ikianza kazi, inaomba damu zaidi. Moyo unaitika: unapiga upesi, tena kila pigo linasukuma damu nyingi kuliko kwanza. Kwa hiyo anayehesabu mapigo anaweza kujua kama mwili unafanya kazi ndogo au kubwa. Hilo si jambo geni. Mwaka 1707 daktari mmoja wa Uingereza, John Floyer, alitoa kitabu juu ya kuhesabu mapigo kwa saa, naye alitengenezewa saa maalum iliyokwenda kwa dakika moja tu. Tangu siku hizo mwuguzi na saa yake hawaachani.

Mtu mzima aliyepumzika huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Aliyezoea kazi ya mwili anaweza kuwa na 50, hata chini yake, naye ni mzima kabisa. Mtoto mchanga ana mapigo mengi kuliko mtu mzima, usiogope.

Ukitaka kuhesabu unapokuwa juu ya baiskeli, fanya hivi. Punguza mwendo, lakini usisimamishe miguu. Weka vidole viwili chini ya kiganja kama nilivyokuonyesha. Usitumie kidole gumba, maana nacho kina mpigo wake, utachanganyikiwa. Tazama saa. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha uzidishe kwa 4. Ukipata 28, mapigo yako ni 112 kwa dakika. Uanze kuhesabu mara moja, maana moyo hutulia upesi, na ukichelewa utapata hesabu ya mtu aliyekwisha kupumzika. Wengine huhesabu shingoni. Si vibaya, lakini gusa upande mmoja tu, tena polepole. Ukikandamiza sana shingo, moyo waweza kupunguza mwendo na wewe ukaona kizunguzungu.

Mashine nazo huhesabu. Nyingine zina vyuma mahali pa kushika, nyingine zina mkanda wa kufunga kifuani, na vijana huvaa saa yenye mwanga wa kijani chini yake. Mkanda wa kifuani ukifungwa vizuri huhesabu sawasawa kuliko vile vingine. Saa iliyolegea, mkono unaotikisika, au jasho kwenye vyuma, huleta hesabu ya uongo. Na betri ikiisha, kioo hunyamaza. Lakini vidole vyako unavyo siku zote. Ndiyo sababu nataka kila msomaji ajifunze kwa vidole kwanza, hata kama ana mashine ya bei kubwa.

HESABU YA KARATASI

Sasa tufike kwenye hesabu inayowasumbua wengi. Huandikwa kwenye vibao vya baiskeli na ndani ya simu. Inasema: Chukua 220, utoe miaka yako, nawe utapata mwisho wa mapigo ambayo moyo wako waweza kufikia. Mtu wa miaka 40 atapata 180. Kisha husema: Kwa kazi ya kadiri, kaa katikati ya sehemu 64 na 76 katika kila 100 ya mapigo hayo. Kwa mtu wa miaka 40 ni 115 hadi 137.

Hesabu hii inasaidia, nami siitupi. Lakini ujue asili yake. Ilianza kuenea tangu mwaka 1971, wala haikutokana na jaribio lililopangwa kwa ajili ya kuitafuta. Mwaka 2001 wataalamu wengine, Tanaka na wenzake, walitoa nyingine iliyo bora kidogo: 208, utoe miaka yako iliyozidishwa kwa 0.7. Kwa mtu wa miaka 40 zote mbili hutoa 180. Kwa mtu wa miaka 60, ya kwanza hutoa 160, ya pili hutoa 166. Unaona? Hata hesabu zenyewe hazipatani. Tena zote mbili ni za watu wengi waliochanganywa pamoja. Mtu mmoja aweza kupita hesabu hiyo kwa mapigo 10 au zaidi, au kupungukiwa kwayo vilevile, naye si mgonjwa. Ni kama kusema viatu vya mwanamume ni namba 42. Kwa wengi ni karibu na kweli, lakini wako watakaoumia vidole.

KOSA LANGU

Miaka michache iliyopita alinijia shemasi mmoja wa miaka 58. Alikuwa na furaha. "Munganga," akasema, "mtoto wangu aliye Ubelgiji amenitumia kinga ya nyumbani. Kioo chake kinaonyesha moyo. Nifuate hesabu gani?"

Nilifurahi pamoja naye, kwa kuwa nilikuwa nimemwambia mara nyingi ajongeze mwili. Nikachukua kipande cha karatasi. 220, toa 58, ni 162. Nikahesabu sehemu zake, nikaandika kwa herufi kubwa: USIPUNGUE 104, USIZIDI 123. Akakunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni mwa shati, akanishukuru, akaenda. Sikumwuliza anakunywa vidonge gani. Asubuhi ile benchi lilikuwa limejaa wagonjwa, lakini hilo si neno la kujitetea.

Shemasi ni mtu wa utii. Akaanza kukanyaga. Kioo kikasema 86. Akaongeza nguvu, kikasema 90. Akakaza ile skrubu inayofanya pedali ziwe nzito, akakanyaga mpaka pumzi ikamwishia, mke wake akimwuliza neno hawezi kumjibu. Kioo kikasema 94. Akahuzunika. Alidhani moyo wake ni mvivu, naye anamwangusha munganga wake.

Jirani akamwambia: "Ni vile vidonge vyako vya tansio vinavyoufunga moyo." Jirani yule alisema kweli, lakini ushauri uliofuata ulikuwa mbaya. Shemasi akaacha vidonge. Siku ya nne kioo kilionyesha 118. Akamwita mke wake aje kutazama. Siku ya sita, jioni, akasikia kifua kimelemewa kana kwamba mtu ameweka juu yake mfuko wa saruji. Maumivu yakashuka mkono wa kushoto, jasho la baridi likamtoka. Walimleta usiku kwa pikipiki, kijana mmoja mbele na mwingine nyuma wakimshikilia katikati. Tulipompima, tansio ilikuwa 210 kwa 120.

Daktari alifanya kazi yake, nasi tuliketi naye mpaka kulipokucha. Alipona. Asubuhi akatia mkono katika mfuko wa shati lake lililotundikwa kitandani, akatoa ile karatasi, bado imekunjwa mara nne. Akasema kwa upole: "Mwanangu, nilifuata ulivyoandika."

Sikuwa na la kumjibu. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo katika meza yangu ya kazi. Siku ninapoona haraka, naitazama.

KWA NINI HESABU ILIDANGANYA

Shemasi alikuwa anakunywa atenololi. Atenololi, propranololi, bisoprololi na ndugu zao ni dawa zinazouzuia moyo usikimbie. Ya kwanza kuenea sana, propranololi, ilipatikana miaka ya 1960 kwa kazi ya James Black wa Scotland, naye alipewa tuzo la Nobel mwaka 1988. Zimeokoa watu wengi. Mtu anayezinywa hawezi kufikisha mapigo yanayoandikwa kwenye kibao, hata akikanyaga mpaka aanguke. Moyo wake si mvivu. Umefungwa lijamu kwa makusudi, ili usijichoshe. Tena dawa hizi zikiachwa ghafula, moyo huruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba, na tansio hupanda. Hayo ndiyo yaliyompata shemasi.

Si vidonge vyote vya tansio vinavyofanya hivyo. Amlodipini, kwa mfano, haiufungi moyo namna hiyo. Kwa hiyo usikisie. Leta vidonge vyako hospitali pamoja na karatasi zake, uulize: "Je, dawa hii inapunguza mapigo ya moyo?" Na neno hili ulishike kuliko yote: usiache wala kupunguza dawa kwa ajili ya kuipendeza hesabu ya mashine.

Viko vitu vingine vinavyougeuza ushahidi wa mapigo. Homa huyapandisha, kama mapigo 10 kwa kila digrii moja ya joto lililozidi. Kwa hiyo mwenye homa ya malaria asipande baiskeli siku hiyo, alale, anywe dawa. Damu ikiwa chache mwilini, mapigo hupanda. Hofu, kahawa na kukosa usingizi huyapandisha. Mtu aliyetoka Kinshasa akafika huku kwetu, karibu mita 1,500 juu ya bahari, aweza kuona mapigo yamezidi kidogo siku za kwanza. Joto nalo hupandisha. Hapo baiskeli ya chumbani ina hila yake: anayekwenda barabarani hupigwa na upepo, jasho likakauka, mwili ukapoa. Wa chumbani hana upepo. Baada ya dakika 20 mapigo yake hupanda ingawa miguu haikuongeza kazi. Basi fungua dirisha, vaa nguo nyepesi, weka maji ya kunywa karibu.

MASHAHIDI WATATU

Utafanya nini basi? Ita mashahidi watatu.

Shahidi wa kwanza ni mapigo, kwa vidole au kwa mashine. Sikiliza neno lake, ukikumbuka niliyokuambia juu ya dawa na homa.

Shahidi wa pili ni pumzi. Huyu hana bei wala betri. Unapokanyaga, sema neno. Ukiweza kuzungumza maneno marefu bila kukatika, lakini huwezi kuimba wimbo, basi kazi ni ya kadiri. Ukiweza kuimba wimbo wote bila shida, ongeza kidogo. Ukisema maneno mawili na pumzi ikakatika, umezidi, punguza.

Shahidi wa tatu ni mwili wote. Jiulize: "Kazi hii naiona nzito kiasi gani?" Mtaalamu mmoja wa Sweden, Gunnar Borg, alitengeneza kipimo cha jambo hili. Kinaanza 6, yaani hakuna kazi yoyote, na kinaishia 20, yaani nguvu zote zimekwisha. Kazi ya 12 au 13 ni ile unayosema, "Ni nzito kidogo, lakini naweza kuendelea." Alianza na 6 kwa sababu ukizidisha kwa 10 unapata karibu na mapigo ya mtu mzima asiye na dawa wala ugonjwa: 6 ni kama mapigo 60, na 13 ni kama 130. Lakini aliyefungwa moyo kwa dawa asizidishe kwa 10. Yeye ashike 11 hadi 13 kwa kujisikia tu, aache kioo kiseme kinavyotaka.

Mashahidi wote watatu wakipatana, endelea kwa amani. Wasipopatana, mwamini yule anayekuambia upunguze.

USIMDHARAU SHAHIDI WA KWANZA

Mtu atasema: "Kama hesabu inadanganya, tuiache kabisa." Hapana. Sikubali. Shahidi mmoja hakati shauri, lakini kumfukuza barazani ni upumbavu pia.

Mwalimu mmoja, mama wa miaka 34, alizoea kuhesabu mapigo yake kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani, akiyaandika katika daftari. Siku zote yalikuwa 70, 72, 74. Mwezi mmoja yakawa 90, kisha 96, kisha 98. Na juu ya baiskeli, kazi ileile iliyompa 120 sasa ilimpa 150. Hakuwa na maumivu. Alidhani ni uchovu wa mitihani, lakini alileta daftari lake. Tukapima damu, tukakuta gramu 7, ambapo mwanamke asiye na mimba anapaswa kuwa na 12 au zaidi. Tulipotafuta sababu, tukakuta minyoo ya safura. Tulimtibu. Baada ya miezi michache daftari lake likasoma 72 tena. Kama asingalihesabu, angalikuja siku ya kuanguka darasani.

Basi hesabu asubuhi, ukiwa hujanyanyuka. Hapo ndipo ushahidi huu ni safi kuliko wakati wote. Usisikilize wingi tu, sikiliza na mwendo wake. Je, yanakwenda sawasawa kama hatua za mtu anayetembea, au yanarukaruka bila utaratibu wowote? Mapigo yasiyo na utaratibu, hasa kwa mzee, yataka kuonyeshwa kwa daktari, maana aina moja ya ugonjwa huo hutengeneza damu iliyoganda, nayo yaweza kwenda kichwani ikaleta kupooza.

NAMNA YA KUANZA

Kama una miaka zaidi ya 40 na hujazoea kazi ya mwili, au una tansio, sukari, au ugonjwa wa moyo, njoo kwanza upimwe. Tansio ya 180 kwa 110 au zaidi yataka dawa kabla ya baiskeli. Kijana aliyepata kuvimba viungo baada ya kuumwa koo aje pia, kwa kuwa ugonjwa huo huweza kuharibu milango ya moyo.

Siku za kwanza, kanyaga dakika 10 tu. Tano za kwanza ziwe nyepesi kabisa, ili moyo upate habari. Juma kwa juma ongeza dakika chache, kabla ya kuongeza uzito wa pedali. Ukimaliza, usishuke ghafula. Miguu imejaa damu. Ikisimama mara moja, damu hukawia kurudi juu, na mtu huona giza. Kanyaga polepole dakika 5. Dakika moja baada ya kupunguza, hesabu tena. Kwa watu wengi mapigo hushuka zaidi ya 12 katika dakika hiyo. Kama kila siku hayashuki hivyo, njoo utuambie.

Ukisikia kifua kinabanwa, au maumivu yanakwenda mkononi, mgongoni au tayani, au kizunguzungu, au pumzi inakataa hata ukipumzika, au moyo unarukaruka, acha. Usimalize dakika zilizobaki. Keti, ita mtu, njoo hospitali siku ileile. Kama ni kifua, usingoje asubuhi. Wala usitazame kioo kwanza ili kuona kama kinakubaliana nawe.

NENO LA MWISHO

Labda utauliza habari za shemasi. Kwa majuma mengi hakugusa baiskeli, mpaka daktari alipomruhusu. Sasa anakanyaga asubuhi, siku 5 kwa juma, naye amefunika kile kioo kwa kitambaa cha mke wake. Vidonge vyake hunywa kila siku. Kipimo chake ni hiki: anataja majina ya wajukuu wake 11, mmoja baada ya mwingine. Akimaliza wote bila kukata pumzi, anajua kwamba hajazidi. Kama pumzi inakatika kwa mjukuu wa tatu, anapunguza.

Nami nimejifunza kuuliza kabla ya kuandika. Kila anayekuja kwangu na habari za baiskeli, humwambia: "Baba, au mama, weka vidonge vyako mezani kwanza, kisha tuzungumze." Wewe nawe, msomaji, usingoje kuulizwa. Ukija, uje na vidonge vyako mfukoni. Mwuguzi akikuandikia hesabu ya mapigo bila kukuuliza habari ya dawa, mwulize wewe. Hatakasirika. Na akikasirika, uliza tena.